Kabla Hujaminya Tyubu: Daktari wa Ngozi Anajibu

Wagonjwa wengi huingia kliniki ya ngozi na mfuko wa tyubu zilizominywa nusu: moja ya duka la dawa la jirani, moja waliyopewa na shemeji, nyingine ilibaki mtoto alipougua mwaka juzi. Mimi huomba mfuko kwanza, ngozi baadaye. Mara nyingi ugonjwa wenyewe ulikuwa mdogo, na kilichoukuza kimo mle ndani. Haya ni baadhi ya maswali yanayonijia kila mara.

Swali: Dokta, shikamoo. Mwanangu yuko darasa la kwanza, ana mapunye. Nampaka krimu ya fangasi kila siku, yanafifia halafu yanarudi. Nimnyoe?

Jibu: Marahaba, mama. Kumnyoa si vibaya, lakini hakutamponya, na krimu nayo haitamponya. Fangasi wa kichwani amejichimbia kwenye shina la unywele; krimu inaishia juu ya ngozi. Mtoto anahitaji dawa ya kumeza. Iliyozoeleka ni griseofulvin, ambayo hupimwa kwa uzito wake, humezwa kila siku kwa wiki 6 hadi 8, na hufanya kazi vizuri zaidi ikimezwa pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta. Wazazi wengi huacha dawa nywele zikianza tu kuchipua, na hapo ndipo mapunye hurudi. Wakague vichwa na wadogo zake, kila mmoja awe na kitana chake.

Kuna mapunye yanayovimba yakawa donge laini linalotoa usaha. Watu hulidhania jipu, mtoto akapelekwa kupasuliwa. Lisipasuliwe. Ni mwili unapambana na fangasi huyo huyo, na dawa ni ile ile ya kumeza. Likicheleweshwa huacha kovu ambalo nywele haziotei tena.

Swali: Nilitokwa na mashilingi kwenye mapaja. Nikapewa dukani tyubu yenye dawa tatu ndani yake. Siku ya pili muwasho ukaisha kabisa. Sasa ni mwezi wa nne, yamesambaa hadi makalioni na hayana tena umbo la duara.

Jibu: Geuza boksi, soma maandishi madogo. Ukikuta betamethasone au clobetasol, hiyo ni steroidi, na ndiyo iliyokutuliza siku ya pili. Steroidi huzima hasira ya ngozi: wekundu unaondoka, muwasho unaondoka. Fangasi haondoki. Tena umemwondolea askari waliokuwa wakimzuia, sasa anatambaa atakavyo. Ile dawa ya fangasi iliyochanganywa humo huzidiwa.

Shilingi la kawaida lina kingo zilizoinuka, zenye magamba, na katikati panaonekana kama pamepona. Steroidi hufuta kingo hizo. Ndiyo maana hata sisi tunaweza kulikosa kwa macho. Tunachofanya ni kukwangua magamba kidogo kwa wembe butu, tukayaweka juu ya kioo, tukadondoshea potasiamu haidroksaidi na kutazama kwenye darubini. Nyuzi za fangasi zikiwepo zinaonekana, kama matawi membamba yaliyokatizana. Kipimo hiki hakichukui muda, na hakihitaji maabara kubwa. Kiulizie.

Acha tyubu hiyo. Siku chache za mwanzo muwasho utarudi kwa fujo, na wengi hushindwa hapo wakairudia. Vumilia. Tumia clotrimazole asilimia 1 iliyo peke yake, mara mbili kwa siku, ukivuka kingo za ugonjwa kwa sentimita mbili hivi, na uendelee wiki mbili baada ya ngozi kuonekana safi. Kwa kuwa kwako pamesambaa, huenda ukahitaji vidonge, kwa hiyo fika hospitali. Kama steroidi imekwisha kukuachia michirizi kwenye mapaja, haitafutika; hilo nakwambia mapema.

Nisemacho hapa kinawahusu pia wanaojichubua. Tanzania na Kenya zimepiga marufuku vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni, lakini clobetasol ni dawa halali, nayo hununuliwa kama losheni. Aliyeipaka usoni kwa miezi mingi asiiache bila kumwona daktari, kwa sababu ngozi hulipuka.

Swali: Nyumba nzima tunajikuna usiku. Alianza kijana aliyerudi kutoka shule ya bweni. Tumemtibu yeye mara mbili, hajapona.

Jibu: Angalia katikati ya vidole, kwenye viwiko vya mikono, kiunoni, kitovuni, na kwa wanaume sehemu za siri. Vipele vikiwa huko na muwasho ukizidi usiku, huo ni upele. Na hajapona kwa sababu mmemtibu peke yake. Mtu anayeambukizwa kwa mara ya kwanza huchukua wiki 4 hadi 6 kabla ya kuanza kujikuna, na muda wote huo anagawa wadudu. Mliomzunguka mnamrudishia.

Wote mpake usiku mmoja, hata bibi asiyewashwa, hata dada wa kazi. Benzyl benzoate ya asilimia 25, ile BBE nyeupe kama maziwa, hupakwa kuanzia shingoni hadi kwenye nyayo, chini ya kucha na katikati ya makalio, kwenye ngozi kavu. Hukaa saa 24, kisha hurudiwa kama mlivyoelekezwa. Ya watoto lazima izimuliwe kwa maji kwa kipimo cha mfamasia, maana inachoma. Permethrin asilimia 5 ni laini zaidi: huoshwa baada ya saa 8 hadi 12, ikarudiwa wiki moja baadaye. Vidonge vya ivermectin asipewe mjamzito wala mtoto wa chini ya kilo 15.

Mashuka na nguo za siku tatu zilizopita zifuliwe kwa maji ya moto na kupigwa pasi. Visivyofulika vifungeni kwenye mfuko kwa wiki moja. Mdudu huyu akitoka mwilini hafiki mbali. Hakuna haja ya kupulizia nyumba dawa. Baada ya hapo mtaendelea kuwashwa wiki mbili, hata nne. Si dalili kwamba dawa imeshindwa, na atakayeipaka kila siku kwa hofu ataunguza ngozi.

Swali: Ni kitu gani cha ngozi kisichosubiri kesho?

Jibu: Malengelenge na ngozi inayochubuka, pamoja na vidonda mdomoni au macho mekundu, kwa mtu aliyeanza dawa mpya wiki chache zilizopita, hasa Septrin, nevirapine au dawa za kifafa. Acha dawa inayoshukiwa, nenda hospitali saa hiyo hiyo. Pia mkanda wa jeshi unaogusa jicho au ncha ya pua. Kwa mkanda wowote, aciclovir inafaa zaidi ikianzwa ndani ya saa 72, na kijana aliyeupata apime VVU.

Swali: Nina mabaka meupe mgongoni. Mama mkwe anasema ni ukoma.

Jibu: Mabaka mengi yenye unga mwembamba ukiyakwangua kwa ukucha ni utangotango. Ni fangasi anayeishi kwa kila mtu na hushamiri kwenye joto na jasho. Shampuu ya ketoconazole hupakwa mgongoni, ikaachwa dakika 5, ikaoshwa. Rangi huchukua miezi kurudi, usiongeze dawa.

Lakini fumba macho, mtu akuguse kwa pamba juu ya baka, kisha pembeni yake. Usipohisi pamba juu ya baka, mama mkwe apewe haki yake: nenda kituo cha afya. Dawa za ukoma hutolewa bure, miezi 6 kwa wenye mabaka machache, 12 kwa wengine, na mgonjwa huacha kuambukiza mapema baada ya kuanza kuzimeza. Halali chumba cha peke yake, wala hatengewi sahani. Wanaoishi naye waje kukaguliwa ngozi.