Dondoo Muhimu: Kwa Tabibu wa Dodoma Aazimiaye Uingereza
Tabibu aliyehitimu Chuo Kikuu cha Dodoma, naye ameazimia kuhudumu Uingereza, yampasa atangulize mtihani wa Kiingereza, ambao kwa njia ya IELTS hudai wastani wa alama 7.5, pasipo kushuka chini ya 7 katika sehemu yoyote, na matokeo yake hudumu miaka 2 tu. Kisha ipo PLAB, mtihani wa kitabibu kwa waliosomea nje ya Uingereza, yenye sehemu 2, na ya pili hufanyiwa Manchester; nauli na viza aziwekee akiba mapema. Lakini cheti cha Baraza la Madaktari Tanganyika, cha kuthibitisha kwamba hana doa kazini, asikiharakishe, kwani General Medical Council, baraza linalosajili madaktari Uingereza, hukitambua kwa miezi 3 pekee. Na kabla hajasafiri, awakabidhi wagonjwa wake kwa maandishi, jina kwa jina, kwa tabibu abakiye, maana katika nyanda hizi za kati madaktari ni haba.