Mlima Uleule, Kila Siku



Mwezi uliopita nilikaribia kuacha tafakari ya asubuhi. Kikanisa kilekile, Zaburi zilezile, moyo mkavu. Ndipo nikamkumbuka Paul Cézanne, mchoraji Mkatoliki wa Ufaransa. Alichora miamba ya pwani ya L'Estaque, na mlima Sainte-Victoire, karibu na kwao Aix, aliuchora zaidi ya mara 60. Mlima haukubadilika; jicho lake ndilo lilijifunza kuona. Oktoba 1906 mvua ilimkuta nje akichora. Siku chache baadaye akafariki, akiwa na miaka 67.

Sala nayo ni hivyohivyo. Mungu habadiliki, sisi ndio tunafundishwa kumwona. Kesho narudi kikanisani, hata moyo ukiwa mkavu. Wewe je, sala gani umeiacha? Irudie leo usiku.