Mtoto Akifariki Ghafla, Msimtafute Mchawi

Huenda mtashangaa kuona ukurasa wa afya ukizungumzia upatanisho. Lakini Kanisa linaziita Kitubio na Mpako wa Wagonjwa Sakramenti za Uponyaji. Tena Adrian Atiman, aliyefika Karema mwaka 1889, alikuwa daktari na katekista kwa pamoja hadi kifo chake mwaka 1956. Na katika nyumba zetu za Chanji, ugomvi mwingi huanzia kitandani kwa mgonjwa.

Juni na Julai baridi ya Ufipa ni kali. Mtoto aliyekuwa akicheza Jumapili, Jumatatu anakohoa, Jumatano usiku anafariki. Kifo cha haraka namna hiyo huwashtua watu, na hapo hapo msibani mtu ananong'ona: "Bibi yule alimshika kichwani." Tangu siku hiyo bibi haamkiwi, hapewi moto, na watoto wanakatazwa kupita uani kwake.

Mara nyingi aliyeua ni nimonia, yaani homa ya mapafu. Vijidudu huingia mapafuni, vifuko vya hewa hujaa usaha na maji, mtoto akakosa hewa. Wakati wa baridi tunajifungia ndani pamoja na moshi wa kuni, na hilo huvisaidia. Mama anaweza kuitambua kwa saa tu. Mtoto akiwa ametulia, mfunue kifua, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50 au zaidi. Mwaka 1 hadi 5, ni 40 au zaidi. Kifua kikibonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, akishindwa kunyonya, au akilegea, msingoje kuche. Mpelekeni hospitali usiku huo huo. Dawa ikianza mapema, wengi hupona. Chanjo za kliniki nazo huzuia baadhi ya aina za nimonia.

Kutafuta mchawi kumewahi kuja Ufipa kwa jina la amani. Miaka ya 1960 Kamchape ilipita vijijini mwetu, na Mwingereza Roy Willis, mtafiti wa mila, aliiandika mwaka 1968. Ilidai kuwasafisha wachawi kwa dawa ili kijiji kitulie. Upatanisho wa namna hiyo huanza kwa kutafuta mwenye kosa, naye daima ni mtu mwingine. Kitubio huanza na mimi. (Hata Sheria ya Uchawi, iliyotungwa mwaka 1928, inakataza kumtuhumu mtu uchawi. Wengi hawalijui hili.)

Sasa, aliyemsingizia bibi akienda kuungama, asidhani mambo yamekwisha akishapata maondoleo. Katekisimu inafundisha kwamba aliyemharibia mwenzake jina anapaswa kulitengeneza kadiri awezavyo. Hayo ndiyo malipizi, na kwa maoni yangu ndiyo sehemu tunayoiruka mara nyingi. Maneno yalisemwa mbele ya watu, basi yafutwe mbele ya watu wale wale. Kupeana mkono wa amani kanisani ni kuzuri, lakini hakumrudishii bibi majirani zake. Bwana wetu alifundisha kuiacha sadaka altareni kwanza na kwenda kupatana na ndugu. Nendeni basi, mkiongozana na mzee wa Jumuiya Ndogo Ndogo, mseme wazi: "Tulikusingizia. Mtoto aliugua mapafu."

Wala msimdai bibi asamehe siku hiyo hiyo. Mtu aliyetengwa miezi mingi huacha kula vizuri, huona haya kwenda zahanati, na usingizi humpotea. Mpelekeeni kuni, mketi naye, mfuateni tena wiki ijayo. Na yale macho mekundu mliyoyaogopa, mpelekeni akayatibiwe. Miaka hamsini ya moshi wa jikoni inatosha kuyaharibu.

Yuko pia mama aliyefiwa. Akishasikia kwamba ilikuwa nimonia, wapo watakaomgeuzia maneno: "Kumbe ungewahi hospitali!" Huko ni kumhamishia yeye tuhuma iliyotoka kwa bibi. Mama hakujua dalili, na aliyekuwa na wajibu wa kumfundisha ni sisi sote. Kaeni naye alie. Akiwa tayari, mwonyesheni namna ya kuhesabu pumzi, kwa ajili ya watoto waliobaki.