SOMO: DAFTARI LA DUKA NA MKAGUZI WA KODI



Wengi wetu katika mashamba ya miwa ya Busoga na viwanda vya Jinja tuna shughuli ya pili. Huyu ana duka nje ya kambi, yule ana cherehani, mwingine mashine ya kusaga mahindi. Mshahara peke yake hautoshi. Hilo halihitaji somo. Somo letu ni kodi ya ile shughuli ya pili, maana twaulizwa mara kwa mara tawini: "Mimi nimekwisha katwa kodi kwenye mshahara, mbona mtu wa kodi anakuja dukani?"

Hizo ni kodi mbili, ndugu. Ya mshahara hukatwa na mwajiri. Duka lina hesabu yake. Sheria ya kodi ya mapato ya Uganda humtoza mfanyabiashara mdogo kwa mauzo ya mwaka, wala si kwa faida, mradi mauzo hayazidi shilingi milioni 150. Asiyefikisha milioni 10 hadaiwi. Na kodi hii ikilipwa imekwisha: faida ya duka haiongezwi juu ya mshahara wako.

Sasa lipo jambo ambalo wengi hawajaambiwa. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2020, mwenye daftari na asiye na daftari hawalipi sawa. Mauzo yakiwa kati ya milioni 10 na 30, asiye na kumbukumbu hutozwa shilingi 80,000, hata akiwa ameivuka milioni 10 kidogo tu. Mwenye kumbukumbu hutozwa asilimia 0.4 ya kile kilichozidi milioni 10. Tuchukue duka linalouza kama shilingi 38,000 kwa siku, yaani karibu milioni 14 kwa mwaka. Kilichozidi ni milioni 4, na kodi yake ni shilingi 16,000. Daftari la mtoto wa shule limemwokolea mwenzetu shilingi 64,000! Kwa mauzo ya milioni 35, asiye na daftari hulipa 200,000, mwenye daftari 105,000.

Tuje kwenye makato. Neno hili twalijua kwenye karatasi ya mshahara, nalo hutuuma. Kwa mwenye biashara makato ni nafuu: ni gharama zinazotolewa kabla ya kodi kuhesabiwa. Lakini katika kodi ya mauzo hayamo. Pango, ujira wa msaidizi na nauli ya mzigo havipunguzi kitu. Mwenye gharama kubwa na faida ndogo anaweza kumwandikia Kamishna ili ahesabiwe kwa faida, na hapo gharama za kazi hutolewa, kila moja na ushahidi wake. Karo ya watoto na unga wa nyumbani si gharama za duka. Tena, muuzaji wa jumla aliyewekwa katika utaratibu wa risiti za elektroniki sharti akupe risiti hiyo. Bila hiyo gharama haikubaliwi, hata uwe na kikaratasi chenye mhuri.

Mkaguzi kazi yake ni kulinganisha. Ukisema umeuza milioni 12, na muuzaji wa jumla ameandika kwa namba yako ya mlipa kodi kwamba umenunua mali ya milioni 20, utaulizwa. Hatari nyingine ni simu. Mshahara, fedha za upatu na mauzo vyote vinaingia laini moja. Kisha ni juu yako kuonyesha zipi si mauzo. Tunashauri laini ya duka iwe peke yake.

Daftari lenyewe si elimu kubwa: tarehe, kilichouzwa, kilichonunuliwa, na ulichochukua kwenda nyumbani. Liandikwe kila jioni, si Desemba kwa kukisia. Mwaka wa kodi huisha Juni 30, na taarifa hupelekwa kabla ya Desemba 31 kupita. Daftari na risiti zitunzwe miaka 5, mbali na panya na maji ya mvua.

Ukipata barua ya kodi usiyokubaliana nayo, usiifiche chini ya godoro. Una siku 45 tangu kuipokea kuweka pingamizi kwa maandishi, huku deni lisilolipwa likiongezeka riba ya asilimia 2 kila mwezi. Ilete tawini wiki ile ile pamoja na daftari, tukae tuipitie.