Umbo la Protini na Kazi ya Kimeng'enya: Funzo la G6PD

Kimeng'enya ni protini inayoharakisha mabadiliko ya kikemikali mwilini. Uwezo wake hutokana na umbo: mnyororo wa asidi amino hujikunja hadi ukafanya kishimo ambamo kemikali husika hushikwa na kubadilishwa. Umbo likilegea, kazi hudhoofu.

G6PD, kimeng'enya chenye asidi amino 515, huzikinga chembe nyekundu za damu dhidi ya sumu zitokanazo na oksijeni. Katika aina ya A-, iliyoenea Afrika kusini mwa Sahara, asidi amino mbili tu zimebadilika, nayo protini huharibika mapema. Chembe nyekundu iliyokomaa haina kiini, hivyo haiwezi kuunda protini mpya katika siku zake zipatazo 120. Kadiri inavyozeeka, kinga yake hupungua.

Mwenye upungufu huo aweza kuishi bila dalili yoyote, mpaka atumie dawa kama dapsoni, au primakwini ya siku nyingi. Ndipo chembe kongwe hupasuka.

Mgonjwa, ukiona mkojo mweusi au macho ya manjano, au ukihema kwa uchovu, rudi kituoni mara moja. Mhudumu, pima G6PD kabla ya kuanza dawa hizo. Kipimo kinachofanywa punde baada ya chembe kupasuka huweza kudanganya, kwa kuwa chembe changa zilizosalia bado zina kimeng'enya kingi; kirudiwe baada ya miezi michache.