RADI KATIKA KIWANJA CHA MPIRA

Somo la afya na michezo, kwa kalasi zote



Tukizungumza juu ya hatari za michezo, kila mtu anafikiri mbio kwa goti lililogeuka, mguu uliovunjika, ao mchezaji aliyeanguka kwa kukosa maji. Ni kweli, hayo yote yanapatikana. Lakini iko hatari nyingine ambayo waganga wa michezo wanaiandika katika maagizo yao, na sisi watu wa milima hii tuko nayo kupita karibu watu wote wa dunia. Ni radi.

Tunajua sote namna inavyokuwa. Saa tisa mchana, mchezo umeanza, kila ekipe iko na bao moja. Nyuma ya kilima wingu jeusi linapanda. Ngurumo inasikika. Mwamuzi anatazama juu. Watu wa pembeni wanapaaza sauti: «Ingali mbali! Tumalizeni kwanza!» Na wachezaji wanaendelea. Somo hili ni juu ya ile dakika moja tu, dakika ya kusema «tumalize» ao «tutoke».

1. KWETU RADI NI NYINGI NAMNA GANI?

Kwa miaka 16, kutoka 1998 mpaka 2013, chombo kimoja kilichozunguka dunia kule juu kilihesabu umeme wa mawingu katika inchi zote za joto. Mwaka 2016 wenye elimu walitoa hesabu yake. Pahali pa kwanza duniani ni ziwa Maracaibo, inchi ya Venezuela: umeme 232 katika kila kilometa mraba kwa mwaka mmoja. Na pa pili? Kabare, Kivu ya Kusini: 205. Pa tatu ni Kampene, katika Maniema: 176. Na pa tano ni Sake, hapa kwetu Masisi: 143. Butembo nayo iko ya tisa, 129. Katika pahali kumi pa kwanza duniani, patano ni pa Kongo.

Tufanye hesabu kidogo. Kiwanja cha mpira cha metre 100 kwa metre 70 ni metre mraba 7 000. Kilometa mraba moja ni metre mraba 1 000 000. Gawanya: ni viwanja 143 hivi. Basi upande wa Sake, kila kiwanja kinapata umeme mmoja juu yake kila mwaka. Lakini tusiseme uongo: umeme mwingi unabaki ndani ya mawingu, haufiki chini. Hata hivyo, ni hesabu ya kutufikirisha.

Juu ya nini iko hivi? Hewa yenye maji inatoka pori kubwa la Kongo na katika ziwa Kivu. Jua linapasha joto migongo ya milima tangu asubuhi, hewa ile inapanda kwa nguvu, na mawingu marefu yanajengeka. Ndiyo maana dhoruba nyingi zinakuja nyuma ya saa sita ya mchana, saa zilezile tunazopenda kucheza.

2. RADI INAMPATA MTU KWA NJIA GANI?

Watu wengi wanafikiri kwamba radi inamwangukia mtu kichwani tu. Waganga waliochunguza mambo haya wanasema kwamba njia ile ni ya wachache, watu 3 mpaka 5 katika 100. Ziko njia nyingine:

Ya kwanza, kuruka pembeni. Radi inapiga mti, kiisha inaruka kutoka mti mpaka kwa mtu aliyejificha chini yake. Karibu watu 30 katika 100 wanaumia hivi.

Ya pili, kushika. Mtu anashika mlingoti wa bao, waya, ao senyenge ya shamba iliyopigwa mbali naye.

Ya tatu, umeme unaopanda. Mbele ya radi kushuka, umeme mdogo unapanda kutoka vitu vilivyo chini, hata kutoka mwili wa mtu. Huo nao unaumiza, hata kama radi yenyewe inaanguka pengine.

Ya ine, ndiyo kubwa: umeme wa chini. Radi ikipiga udongo, inatawanyika katika udongo kama maji uliyomwanga. Inaingia kwa mguu mmoja wa mtu na kutokea kwa mguu wa pili. Karibu nusu ya wote wanaoumia wanaumia kwa njia hii. Sasa mnafahamu sababu gani ngombe za Masisi zinakufa nyingi pamoja kwa radi moja: miguu yao ya mbele na ya nyuma iko mbali, umeme unapita katikati, penye moyo. Na mnafahamu vilevile sababu gani kiwanja cha mpira ni kibaya. Hapo kuna watu 22 na mwamuzi wao, wakikimbia na miguu wazi, juu ya udongo uliolowana, pahali pasipo kitu kingine kirefu.

3. «NI WALE WALIOITUMA»

Mwezi wa kumi mwaka 1998, gazeti moja la Kinshasa liliandika habari ya mchezo kule Kasai, katika kijiji cha Bena Tshadi. Bao zilikuwa moja kwa moja. Radi ikapiga, wachezaji kumi na mmoja wa ekipe ya nyumbani wakafa, na ekipe ya wageni haikuguswa. Ilikuwa wakati wa vita, na watu wa mbali hawakuweza kwenda kuhakikisha. Lakini kila mtu anaweza kujua maneno yaliyofuata: ulozi, wageni wameleta radi.

Katika mwezi ule ule, kule Johannesburg, Afrika ya Kusini, radi iliingia katika mchezo wa Jomo Cosmos na Moroka Swallows. Wachezaji wa pande zote mbili walianguka chini, wengine wakishika masikio na macho, na mchezo ukakatwa. Pale radi haikuchagua. Umeme wa chini haujui rangi ya shati. Unafuata udongo wenye maji, mizizi, na njia iliyo nyepesi. Wawili wakisimama karibu, mmoja anaweza kuanguka na mwingine kubaki mzima, kwa sababu ya namna walivyosimamisha miguu yao.

Ndugu, neno hili si la kuchekesha. Nyuma ya radi, mara nyingi kunatokea mauti ya pili. Mzee mmoja ao mama mjane anashitakiwa, anafukuzwa, anapigwa. Radi imeua mmoja, na sisi tunaongeza wengine.

Wala tusifikiri kwamba ni sisi peke yetu tuliokosa. Wakristo wa Ulaya walipiga kengele za makanisa wakati wa dhoruba, wakisema zinafukuza radi. Mnara ni mrefu, na kamba ya kengele imelowana. Katika Ufaransa peke yake, kati ya mwaka 1753 na 1786, wapiga kengele zaidi ya 100 walikufa kwa radi, na kamba mikononi mwao. Ni katika miaka ileile Benjamin Franklin wa Amerika alifundisha watu kuweka chuma juu ya nyumba na kukiunganisha kwa waya mpaka ndani ya udongo, ili umeme upate njia yake ya kupita. Imani yao haikuanguka walipoacha kamba. Waliacha tu desturi yenye kuua.

Yesu mwenyewe aliulizwa neno kama hili. Someni Luka 13, habari ya watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu. Hakukubali kwamba walikuwa wabaya kupita wengine.

4. KUKIMBILIA WAPI?

Hapa ndipo tunakosea mara nyingi. Mwezi wa munane mwaka 2020, katika mji wa Arua, Uganda, watoto walikuwa wanacheza mpira. Hali ya hewa ikabadilika, wakaacha mchezo, wakaingia katika nyumba ndogo. Radi ikapiga nyumba ile, na watoto karibu kumi wakafa. Walifanya vizuri kuacha mchezo. Lakini nyumba haikuwa na njia ya kupeleka umeme chini.

Na ndani ya kalasi? Mwezi wa sita mwaka 2011, katika shule ya Runyanya, Uganda vilevile, radi iliua wanafunzi 18 na mwalimu mmoja. Nyuma ya msiba ule, chama kimoja chenye makao Kampala, kinachoitwa ACLENet, kilianza kuweka vyuma vya kukinga radi katika shule za Uganda, na Runyanya ikapata vyake. Basi kukinga shule kunawezekana katika Afrika yetu. Si kazi ya Wazungu tu.

Pahali pazuri ni nyumba kubwa yenye vyuma vya kukinga radi, ao gari lililofungwa lenye kichwa cha chuma (pikipiki hapana). Nyumba ya nyasi haikingi. Nyumba ya matofali na manjanja bila waya wa chini haiko salama kabisa, lakini inapita kiwanja wazi. Ukae katikati, mbali na ukuta, mlango na nguzo. Mti ni mbaya kupita yote, hasa ule ulio peke yake.

Na telefoni? Na nguo nyekundu? Na kioo? Hivyo havivuti radi. Radi inatafuta kitu kirefu na kilicho peke yake. Mlingoti wa bao unaweza kupigwa kwa sababu ni mrefu, si kwa sababu mtu fulani ameufunga dawa.

5. KANUNI ZA KUSHIKA

Chama cha wasaidizi wa afya ya wanamichezo wa Amerika kilitoa maagizo juu ya radi mwaka 2000, na kikayatengeneza tena mwaka 2013. Tukiyachukua kwa namna ya kwetu, ni hivi:

a) Mbele ya kuanza mchezo, mchagueni mtu mmoja wa kutazama mawingu na kusikiliza. Asiwe mchezaji wala mwamuzi, maana hao wako na shauri la mpira. Na akisema «tutoke», neno lake lisibishwe, hata kama bao inakaribia.

b) Ukiona umeme, hesabu sekunde mpaka ngurumo. Sauti inapita kilometa moja katika sekunde 3 hivi. Sekunde 30 ni kilometa 10. Radi inaweza kupiga kilometa 10 mbele ya mvua yenyewe, pahali ambapo jua lingali linawaka. Basi kwa kifupi: ukisikia ngurumo, imeisha kufika karibu nawe.

c) Hapana kurudi kiwanjani mpaka dakika 30 zipite nyuma ya ngurumo ya mwisho. Ikinguruma tena, anza kuhesabu upya. Wengi wanapigwa wakati dhoruba inaondoka, kwa sababu ya haraka.

d) Ukikutwa njiani ao shambani bila nyumba karibu, toka juu ya kilima, toka chini ya mti, acha senyenge. Mwachane mmoja mmoja, msikusanyike. Hapana kulala chini. Kuunganisha miguu na kuchutama kunapunguza umeme wa chini, lakini hakukingi. Afazali kuendelea kutafuta nyumba.

e) Dawa kubwa ni saa. Katika miezi ya mvua, tupange michezo asubuhi. Haiombi feza hata kidogo.

6. MTU AKIPIGWA

Watu wanaogopa kumshika, wanasema angali na umeme ndani. Si kweli. Umeme umepita katika nukta ndogo. Mwili wake hauna kitu cha kukuumiza. Dhoruba ikiwa ingali juu yenu, mumuondoe kwanza kiwanjani. Katika watu kumi wanaopigwa, karibu tisa wanapona, ijapokuwa wengine wanabaki na maumivu ya kichwa, masikio, ao kusahau.

Wakianguka wengi pamoja, anza na yule anayeonekana amekufa. Katika ajali nyingine tunawaacha wa namna hiyo kwa mwisho, lakini kwa radi ni kinyume. Anayelia na kusogea, moyo wake unapiga. Yule aliyenyamaza, radi imesimamisha moyo na pumzi. Mara nyingi moyo unaanza tena wenyewe, lakini pumzi inachelewa, na asiposaidiwa anakufa mara ya pili mbele ya macho yenu.

Mlaze chali. Weka mikono miwili katikati ya kifua, sukuma chini kwa nguvu, sentimetre 5 hivi, mara 30, kwa mwendo wa mara 100 mpaka 120 katika dakika moja. Kiisha fungua kinywa chake, funga pua, mpulizie pumzi mara 2. Rudilia. Hapana kuacha kwa haraka, mbadilishane. Mwingine akimbie kwenda kuita munganga wa kituo cha afya.

Miguu ya aliyepigwa inaweza kuwa baridi, bila nguvu, kama imekufa. Mara nyingi inarudi katika saa chache. Apelekwe kwa waganga hata kama anasema amepona, na hapana kumchelewesha kwa kutafuta kwanza ni nani aliyeituma.

MASWALI YA KUJIPIMA

1. Umeona umeme, ukahesabu sekunde 12 mpaka ngurumo. Radi ilikuwa kilometa ngapi? Je, mchezo uendelee?
2. Sababu gani ngombe anakufa kwa radi upesi kupita mtu?
3. Watatu wameanguka: mmoja analia, mmoja anatambaa, mmoja amenyamaza. Utaanza na nani?
4. Katika kijiji chako, watu wanasema nini nyuma ya radi? Wewe utajibu nini, kwa heshima, mbele ya wazee?
5. Katika kiwanja chenu, nani atakuwa mtu wa kusikiliza siku ya mchezo ujao?

Swali la tano lijibiwe kwa jina, mbele ya mpira kuwekwa katikati.