Kokteli ya Ndimu, Bia ya Taratibu: Mbinu za Nyumbani kwa Watu wa Pwani

Mtu anayeishi kati ya Bunju na Bagamoyo ana karibu kila kitu cha kutengenezea kokteli nzuri, na vingi vinapita mlangoni kwake. Madafu yanakuja kwa baiskeli. Mananasi ya Kiwangwa yanapangwa kandokando ya barabara msimu wake ukifika. Ndimu, ukwaju, pasheni, tangawizi na mchaichai viko sokoni. Iliki na mdalasini viko duka la jirani. Pamoja na neema yote hiyo, sherehe zetu nyingi za nyumbani zinaishia kwenye Konyagi na soda, au kreti la bia iliyogandishwa mpaka ikapoteza ladha. Naona tunajinyima. Maelekezo haya ni ya mtu mzima anayekunywa tayari, na anayetaka kunywa kidogo, vizuri, akiwa kwake.

Tuanze na chupa. Konyagi inatosha. Inatengenezwa Dar es Salaam, asili yake ni miwa, na nguvu yake ni asilimia 35, pungufu kidogo ya vodka na jini nyingi za kutoka nje. Harufu yake ni nyepesi, inakaribiana na ya jini, kwa hiyo inakaa vizuri na ndimu, tangawizi na matunda yenye uchachu. Sioni sababu ya kutoa fedha nyingi kwa chupa ya Ulaya ambayo utaizamisha kwenye juisi ya nanasi. Nunua duka unaloliamini, hakikisha kizibo hakijaguswa na stempu ya kodi ipo. Pombe kali ya vifuko, vile viroba vilivyopigwa marufuku tangu Machi 1, 2017, ukikutana nayo popote achana nayo. Na gongo isiingie jikoni kwako kabisa. Ni haramu kisheria, na ikiwa na methanoli inapofusha na kuua. Hakuna ndimu wala asali inayoondoa sumu hiyo.

Vifaa visikutishe. Kopo kubwa la plastiki lenye kifuniko kinachobana linatosha kutikisia. Chujio la chai litachuja, na mchi wa kile kinu kidogo cha vitunguu saumu utapondea ndimu. Kitu usichoweza kukikwepa ni kipimo. Kijiko cha chakula kinabeba mililita 15, kwa hiyo vijiko viwili ni toti moja ya mililita 30. Wengi wanaharibu hapa: wanamimina kwa macho, glasi ya kwanza inakuwa nyepesi, ya tatu inachoma koo, na mgeni anajikuta amelewa kabla chakula hakijafika. Pima kila glasi, hata ukiwa na uzoefu wa miaka.

Barafu nayo ina mambo yake. Tumia maji yaliyochemshwa yakapoa au maji ya chupa, na gandisha mabonge makubwa kwa sababu yanayeyuka polepole kuliko vipande vidogo. Yafunike. Friji nyingi za huku pwani zina samaki ndani, na barafu isiyofunikwa inanyonya harufu ya changu kwa usiku mmoja tu. Ile barafu inayouzwa soko la samaki ni ya samaki. Usiitie kwenye kinywaji cha mtu.

Kinachofuata ni shira, na hapa akina mama wanaopika kaimati wametutangulia. Chukua kikombe kimoja cha sukari na kikombe kimoja cha maji, pasha moto mpaka sukari iyeyuke, kisha epua. Usiiache ikazidi kuwa nzito kama ya kaimati, maana haitachanganyika na kitu cha baridi. Wakati ingali moto tumbukiza kipande cha tangawizi kilichopondwa na mabua mawili ya mchaichai, funika dakika kumi, chuja, weka kwenye friji. Itakaa wiki nzima bila tatizo. Sukari yenyewe ukiitia kwenye kinywaji cha baridi inabaki chini ya glasi kama mchanga, ndiyo maana nasisitiza shira.

Ukishakuwa na hivi, kanuni ni moja: vijiko vinne vya Konyagi, viwili vya ndimu, viwili vya shira. Ndimu ikamuliwe wakati huo huo. Juisi ya ndimu ya jana imepoteza harufu na imeanza uchungu. Tia vyote kwenye kopo, jaza barafu, funga, tikisa kwa nguvu kiasi cha sekunde 15, mpaka nje ya kopo kufanye jasho na mkono uanze kuuma kwa baridi. Chuja kwenye glasi yenye barafu mpya. Kutikisa kunapoza, na pia kunaongeza maji kidogo yanayolainisha ukali. Kwa hiyo onja kabla ya kutikisa, na mchanganyiko uwe mkali kidogo kuliko unavyotaka. Ndimu za pwani hazilingani. Nyingine ndogo za kijani zina uchachu wa kukunja uso. Rekebisha kwa shira, kijiko cha chai kimoja kimoja.

Kutokana na kanuni hiyo unaweza kwenda utakako. Mimi nazipenda mbili zaidi ya zote.

Ya kwanza ni ya ukwaju. Loweka ukwaju kwenye maji ya moto kidogo, ukamue kwa mkono, chuja mpaka upate uji mzito. Punguza ndimu ibaki kijiko kimoja, ongeza vijiko viwili vya ukwaju, na tumia shira ya tangawizi. Kabla ya kumimina, pitisha kipande cha ndimu kwenye mdomo wa glasi, kisha ugeuze glasi juu ya sahani yenye chumvi na pilipili ya unga, ile ile anayonyunyiza muuza embe mbichi. Midomo inakutana na chumvi kwanza, pilipili ikafuata, halafu uchachu wa ukwaju unaosha vyote viwili. Ni kinywaji cha jioni yenye joto la Februari, na kinaandamana na pweza wa kuchoma kuliko bia yoyote ninayoijua.

Ya pili ni dawa. Kokteli hii ilipata umaarufu kwenye hoteli ya nyama choma ya Carnivore, Nairobi, iliyofunguliwa mwaka 1980, na leo utaipata mahoteli mengi ya Afrika Mashariki. Wao wanatumia vodka. Konyagi inafaa sawasawa. Kata ndimu moja vipande vinane, tia kwenye glasi nene pamoja na vijiko viwili vya chai vya sukari, ponda kwa mchi. Ponda kwa upole: lengo ni kutoa juisi na mafuta ya ganda, na ukizidisha, ule weupe wa ndani unatoa uchungu usioondoka. Jaza barafu iliyopondwa, mimina vijiko vinne vya Konyagi. Chovya kijiti kwenye asali nzito, ukizungushe mpaka kishike donge, kisha kisimamishe ndani ya glasi. Mnywaji mwenyewe atakoroga kwa kadiri ya utamu anaoutaka. Hapa tu ndipo ninaporuhusu sukari badala ya shira, kwa kuwa chembe zake zinasaidia kukwaruza ganda la ndimu.

Nanasi ni rahisi: juisi yake mbichi ikitikiswa inatoa povu zito lenyewe, juu unanyunyiza mdalasini kidogo, basi. Dafu halitaki kutikiswa. Maji ya dafu glasi nusu, vijiko vitatu vya Konyagi, kipande cha ndimu, barafu. Usitie shira, dafu lina utamu wake.

Fahamu unachokunywa. Vijiko vinne vya Konyagi ya asilimia 35 vina kileo kama mililita 21. Chupa ya nusu lita ya Safari, yenye asilimia 5.5, ina mililita 27 na nusu. Kokteli moja basi iko karibu na bia nzima, ila utamu unaificha na inakwisha kwa dakika chache. Mbili kwa jioni zinatosha, na glasi ya maji kati yake.

Katika miji yetu, nusu ya wageni hawanywi. Bagamoyo ni mji wa Waislamu wengi tangu enzi za misafara, na ndugu, jirani na shemeji wanakaa meza moja. Watayarishie wasiokunywa kwanza: ukwaju, ndimu, shira ya tangawizi na dafu, kwenye glasi nzuri ile ile. Tumia kopo na chujio vyao peke yao, visivyogusa pombe, na waambie hivyo kabla hawajauliza. Mgeni asiyekunywa asipewe soda ya chupa huku wenzake wanatengenezewa. Huo ni upungufu wa ukarimu.

Sasa bia. Watu wanazungumzia bia za viwanda vidogo kama jambo geni, wakati pwani hii ina pombe yake ya fundi tangu zamani: tembo la mnazi. Mgema anapanda asubuhi na jioni, anakata ncha ya karara kwa kotama, na utomvu unadondokea kwenye kibuyu. Hamira ya asili, iliyoko hewani na ndani ya kibuyu chenyewe, inaanza kazi papo hapo. Tembo la asubuhi ni tamu, lina povu dogo na harufu ya dafu changa. Jioni limekuwa kali. Kesho yake linaelekea siki. Kama unataka kujifunza kuonja, chukua kwa mgema mmoja tembo la leo na la jana, uyaweke kwenye glasi mbili, unywe funda moja moja. Utakuwa umeonja safari yote ya uchachushaji: sukari ikigeuka kileo, kileo kikigeuka asidi. Usilifunge kwenye chupa ya kioo, gesi itaipasua. Na methali ya mgema kusifiwa unaijua, kwa hiyo onja kabla ya kulipa.

Ulimi uliozoea tofauti hizo hauna tena shida na bia za mafundi wa mjini. Dar es Salaam wapo, Crafty Dee's wakiwa miongoni mwao, na Nairobi pia wapo. Nyingi hazijachujwa sana na zina masalia ya hamira chini, kwa hiyo ukizinunua Dar zisafirishe zikiwa wima kwenye boksi la barafu. Ni kama kilomita 70 hadi Bagamoyo, na foleni ya Mwenge na Tegeta juani inatosha kuziharibu. Mwanga nao ni adui: jua likipiga bia inazalisha harufu mbaya kutokana na hopsi, na chupa ya kijani au nyeupe inailinda kidogo kuliko ya kahawia. Kreti lililoshinda barazani usilinunue, hata likiwa na punguzo.

Chagua bia nne tofauti kwa watu wanne, chupa moja ya kila aina, mgawane. Glasi zisuguliwe na kusuuzwa mpaka sabuni iishe kabisa. Mabaki ya mafuta yanaua povu, na ukiona viputo vimeng'ang'ania ukutani mwa glasi, haijatakata. Toa bia kwenye friji dakika kumi kabla. Baridi ya kuuma meno inaganzisha ulimi, na ndiyo inayofanya bia zote zionekane moja. Anza na nyepesi, kama Kilimanjaro, ili uwe na kianzio unachokijua. Ifuate bia ya ngano, kisha bia chungu ya hopsi nyingi, mwisho stauti nyeusi. Ukianza na chungu, ile nyepesi utaiona maji.

Inamisha glasi, mimina, isimamishe mwishoni povu lipande vidole viwili. Nusa kabla ya kunywa. Mtu wa pwani ana bahati hapa. Bia ya ngano ya Kijerumani inanukia karafuu na ndizi mbivu, ingawa hakuna kilichotiwa. Ni hamira yake inayotoa harufu hizo. Bia chungu za kisasa zinanukia pasheni, embe na ganda la chungwa, na hiyo ni kazi ya hopsi. Stauti inatoa harufu ya kahawa na mkate ulioungua kwa sababu ya shayiri iliyokaangwa. Mwonjaji wa nchi za baridi anafundishwa harufu hizi darasani. Wewe umekulia nazo. Mwambie kila mmoja aseme anachonusa kabla hajasikia cha mwenzake. Kisha kunywa na umeze, kwa kuwa uchungu wa bia hujitokeza baada ya kumeza. Kati ya bia na bia kunywa maji na kula kipande cha mkate mkavu. Korosho za chumvi na mihogo ya kuchoma vije baada ya kuonja, ndipo mtajua kipi kinaenda na kipi.

Panga na malazi mapema, kabla ya kufungua chupa ya kwanza. Barabara ya Bagamoyo usiku ina malori, bodaboda zisizo na taa na watu wanaotembea pembeni. Mgeni aliyekunywa asishike usukani kurudi Dar: mtandikie mkeka, mpe neti na maji, aondoke asubuhi.